Amepata Yale Desemba: aombe tena au asimame hapo?

Binti wa miaka 19, mzaliwa wa Likoni, Mombasa, alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, Novemba 2024 akapata A. KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi za vyuo vikuu, ikampa nafasi ya udaktari katika chuo kikuu cha umma. Yeye akaomba kuahirisha kujiunga hadi Septemba 2026 ili ajaribu vyuo vya Marekani. Mwaka wa kungoja aliumaliza akifundisha tuisheni ya hisabati kwa watoto wa mtaani kwao, akijiandaa kwa mtihani wa SAT na kuandika insha usiku, watu wakishalala. Tarehe 1 Novemba 2025 akatuma ombi moja la mapema, Yale. Katikati ya Desemba majibu yakatoka: amekubaliwa.

Siku hiyo kompyuta yake ilikuwa na fomu saba nyingine zilizojazwa nusunusu. Sita zilikuwa kwenye Common App, mfumo mmoja wa mtandaoni wa kuombea vyuo vingi: Harvard, Stanford, Duke, Amherst, Pennsylvania na Columbia. Ya saba ilikuwa ya MIT, ambayo ina mfumo wake yenyewe. Karibu zote zinafungwa katika siku tano za kwanza za Januari. Swali la nyumba nzima likawa: azitume au azifute?

Kisa hiki nimekiunga kutokana na mambo ya vijana kadhaa niliowasaidia kujaza fomu, kwa hiyo pasitafutwe mtu. Baba ni dereva wa matatu ya Likoni–Ukunda, mama anakaanga mahamri na viazi karai vya kuuza. Mama ndiye aliyesema kwanza: "Mwanangu, ushapata. Sema Alhamdulillahi, utulie. Mshika mbili moja humponyoka." Mjomba aliye Nairobi akapiga simu kusema kinyume: "Mjomba, tuma zote. Yale ni nzuri, lakini Harvard ni Harvard. Na wakigombania utapata bei nzuri." Baba hakusema lolote juu ya Yale wala Harvard. Aliuliza tu: "Na ile nafasi ya udaktari, ulishawaambia huendi?"

Ukiyasikiliza maneno hayo kwa haraka, utadhani ubishi ni kati ya mama na mjomba. Kwangu mimi swali la baba ndilo lililokuwa na uzito, na nitalirudia, kwa sababu ndilo lililoachwa bila kujibiwa kwa muda mrefu zaidi.

Ombi la mapema lilikuwa la aina gani

Tuanze na sheria, maana hapa watu huchanganya. Kuna ombi la mapema linalokufunga. Mwanafunzi, mzazi na mwalimu mshauri wote hutia saini kwamba akikubaliwa atakwenda, na maombi yake mengine atayaondoa mara moja. Columbia, Pennsylvania, Duke na Amherst hutumia mtindo huu. Njia ya kutokea ni moja tu, nayo ni msaada wa fedha usiotosha. Aliyekubaliwa kwa mtindo huo hana la kuchambua. Ametoa neno lake, alitimize.

Kuna na lisilokufunga. Ukikubaliwa Desemba, una hadi tarehe 1 Mei kujibu. Yale, Harvard, Princeton na Stanford wako upande huu, ila wameongeza sharti: ukituma kwao mapema, huruhusiwi kutuma mapema kwenye chuo kingine cha binafsi cha Marekani. Sharti hilo kazi yake inaisha majibu yakitoka. Baada ya hapo uko huru kutuma maombi ya Januari popote unapotaka, na nafasi yako ya kwanza inabaki palepale.

Kwa hiyo ile methali ya mama, pamoja na heshima zote, haikukaa mahali pake. Yale haimponyoki kwa kutuma fomu nyingine. Mjomba alikuwa sahihi kisheria. Lakini kuruhusiwa jambo hakukupi sababu ya kulifanya.

Barua ya fedha

Familia nyingi huisoma barua ya pongezi mara kumi, na ya msaada wa fedha mara moja, kwa juu juu. Mimi huomba kuiona hii ya pili kwanza. Gharama ya Yale kwa mwaka 2025/26, ukijumlisha ada, chumba na chakula, ni zaidi ya dola 90,000. Kwa dola moja kwa shilingi 129 hivi, hizo ni shilingi milioni 11 na ushei kila mwaka, kwa miaka minne. Dereva wa matatu hawezi kuianza hesabu hiyo.

Ila barua ilikuwa na mstari ulioandikwa mchango wa mzazi, na mbele yake sifuri. Chini yake kulikuwa na ruzuku ya chuo iliyobeba karibu kila kitu, kisha mchango wa mwanafunzi mwenyewe, yaani kibarua cha saa chache kwa wiki muhula ukiendelea, maktaba au jikoni au maabara. Mkopo haukuwemo, kwa kuwa Yale haihesabu mkopo kama sehemu ya msaada wake. Tulikagua mambo matatu ambayo huwaumiza wanafunzi wetu baadaye: nauli imehesabiwa kwa safari ngapi, bima ya afya inalipwa na nani, na msaada huu unaombwa upya kila mwaka kwa hati zipi. La tatu ndilo la kuandika ukutani. Mama anayeuza mahamri hana hati ya mshahara, na kila mwaka atatakiwa kueleza upya kipato chake kwa maandishi.

Sasa turudi kwa mjomba na "bei nzuri". Alichosema ni kweli kwa watu wengine. Mzazi mwenye kipato cha kati akipewa barua mbili zenye tofauti ya dola elfu kumi, anaweza kuipeleka ile nono kwa chuo kingine na kuomba hesabu ipitiwe upya, na vyuo vikubwa huipitia. Lakini huwezi kupatana kushuka chini ya sifuri. Harvard, MIT na Amherst nazo huchagua wanafunzi wa kigeni bila kuangalia mfuko, na huahidi kuziba pengo lote la mahitaji. Barua zao zingetofautiana na ya Yale kwa mamia ya dola, pengine kwenye nauli au saa za kibarua. Hizo saba zisingemletea fedha zaidi.

Zingemtoa fedha, tena. Ada ya kutuma ombi kwenye vyuo hivi ni kati ya dola 75 na 100 kila kimoja, na CSS Profile, fomu ya kueleza hali ya fedha ya familia, hutoza dola 16 kwa kila chuo unachoongeza. Msamaha hutolewa kwa wasiojiweza, lakini mara nyingi unahitaji mwalimu wa shule yake ya zamani athibitishe, na Desemba shule imefungwa na mwalimu yuko kwao bara. Bila msamaha, fomu saba zinapita shilingi 80,000. Na ukiweka pamoja dola 350 za SEVIS, daftari la serikali ya Marekani la wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza ya mwanafunzi, ambazo lazima zilipwe kabla ya mahojiano ya ubalozini, unapata shilingi 69,000 hivi. Yaani fedha za kuuliza vyuo saba swali ambalo halihitaji jibu zingelipa hizo zote na chenji ikabaki.

Saba, moja moja

Nilimpa swali moja alijibu kwa kila chuo: kikikupa fedha zilezile, utaiacha Yale uende huko? Ajibu ndiyo au hapana, na kila "labda" nitaihesabu kuwa hapana. Ukali wa swali hili una sababu. Mtu aliyekwisha kukubaliwa mahali pazuri anapoomba tena, chuo pekee chenye maana kwake ni kile ambacho angekihamia. Vingine vyote, hata vikisema ndiyo, majibu yao yataishia kwenye simu kama picha ya kuwaonyesha ndugu.

Duke, Amherst na Pennsylvania zilianguka mara moja. Aliziweka kwenye orodha mwezi Septemba kama akiba endapo Yale ingekataa. Kazi ya akiba ilikwisha siku barua ilipofika. Columbia alikuwa anaipendea New York. Nikamwonyesha kwamba kutoka New Haven hadi katikati ya jiji hilo ni saa mbili hivi kwa treni, akacheka, akaifuta.

Harvard ilichukua muda. Alinyamaza, kisha akasema: "Sina sababu, ila jina." Nampongeza kwa kusema hivyo, maana wengi hutunga sababu. Jina lina thamani yake, sikatai. Kwetu Mombasa ukisema Yale, utaulizwa iko nchi gani, na ukisema Harvard, hata kondakta anajua. Lakini mwajiri, maabara au shule ya uzamili itakayomhoji miaka minne baadaye inayajua yote mawili na haitayatenganisha.

Stanford ilikuwa ngumu kwa sababu nyingine: alikwisha kuiandikia. Chuo hicho huomba insha tatu fupi pamoja na majibu mengi ya maneno hamsini, na mojawapo ya insha ni barua kwa mtu mtakayeishi naye chumba kimoja. Yake ilikuwa nzuri kweli. Alimwonya huyo mwenzake kwamba amezoea kuamshwa na honi ya feri alfajiri, kwa hiyo asishangae akimwona ameketi kitandani saa kumi na moja anasikiliza kitu kisichokuwepo. Ukiandika kitu kama hicho unataka kisomwe na mtu. Ila kutaka insha isomwe na kutaka kwenda California ni mambo mawili. Nilipomuuliza, alisema hajui. Nikaihesabu hapana, akanuna kidogo, kisha akakubali.

MIT alijibu ndiyo kabla sijamaliza kuuliza, na alikuwa na maelezo. Alipokuwa kidato cha tatu alimuuguza bibi yake hospitalini, akaona mashine ya oksijeni imeegeshwa ukumbini, imefunikwa shuka, kwa kukosa fundi wa kuitengeneza. Tangu hapo anataka kuunda na kutengeneza vifaa vya hospitali. Yale ina idara ya uhandisi wa tiba, na si mbaya hata kidogo, lakini MIT ni chuo ambacho uhandisi ndio uti wa mgongo wake, na maabara na karakana ziko mikononi mwa wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Hiyo ni sababu. MIT pia huchukua wanafunzi wachache sana wa kigeni, kwa hiyo uwezekano ni mdogo. Lakini udogo wa uwezekano ni hoja dhaifu kwa mtu asiye na cha kupoteza. Fomu ni moja, ada yake inasamehewa mtu akieleza hali yake, na fizikia na hisabati tayari anazo.

Kwa hiyo katika saba ikabaki moja.

Je, anamnyima mwenzake?

Hoja hii huletwa kila mwaka, na kwa kawaida huletwa kwa sauti ya kulaumu: umekwisha kupata, waachie wengine. Kwa jumla naiona haina nguvu kama inavyosikika. Vyuo vinajua kwamba si wote watakaokuja, na hukubali watu zaidi ya vitanda. Katika mzunguko wa 2024/25, Yale yenyewe ilikubali watu karibu 2,300 kati ya waombaji zaidi ya 50,000, kwa darasa la watu kama 1,600. Kiti unachokikataa Aprili kimekwisha kuhesabiwa tangu Machi.

Lakini kuna mahali ambapo hoja hii inauma, na wengi hawapaoni. Stanford, Duke, Columbia na Pennsylvania, kwa wanafunzi wa kigeni, huangalia mfuko wakati wa kuchagua. Wana fungu la fedha lenye mwisho kwa ajili ya watu kama huyu binti. Wakimpa yeye fungu la Mkenya asiye na uwezo naye akalikataa Aprili, hakuna hakikisho kwamba litarudi kwa Mkenya mwingine asiye na uwezo. Orodha ya kusubiri huitwa wakati fedha zimekwisha au zimepungua, na anayeitwa mara nyingi ni yule anayeweza kujilipia. Njia hii ya vijana wa Kenya wasio na uwezo kuingia vyuo vikubwa vya Marekani imejengwa pole pole. KenSAP, mradi wa kuwasaidia vijana hao kuomba vyuo, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mike Boit, mwanariadha wetu wa zamani wa Olimpiki, pamoja na mwandishi John Manners, ni mfano wake. Vijana wanaopita njia hiyo wanajuana, mara nyingi wanaombea vyuo vilevile, na nafasi zenye fedha zinahesabika kwa vidole. Kwa vyuo hivyo vinne, kutuma ombi ambalo hutalitumia ni jambo linaloweza kumgusa mtu unayemjua kwa jina. MIT haiangalii mfuko, kwa hiyo lawama hiyo haiifikii.

Hatari yenyewe iko wapi

Mjomba hakushindwa kirahisi. Alirudi na hoja nzito zaidi: "Na Marekani yenyewe je? Wakimnyima viza?" Hapa ndipo nilipompa kiti, maana swali hili ni la kweli kuliko yote.

Mwaka 2025 ulitufundisha mengi. Tarehe 22 Mei serikali ya Marekani iliiondolea Harvard ruhusa ya kusajili wanafunzi wa kigeni, na kesho yake jaji mmoja Boston akausimamisha uamuzi huo. Tarehe 27 Mei balozi ziliambiwa zisimamishe kupanga mahojiano mapya ya viza za wanafunzi. Yalipofunguliwa tena katikati ya Juni, kila mwombaji alitakiwa aweke wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii zikaguliwe. Mwezi huohuo Burundi iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo viza za wanafunzi wake zimezuiwa, na Desemba Tanzania nayo ikaongezwa. Kenya haikuwamo. Lakini mtu anayeishi Likoni akiona jirani wa Tanga amefungiwa mlango, ana haki ya kuuliza zamu yake lini.

Sasa tazama hatari hizi ni za aina mbili. Iliyoipata Harvard ilikuwa ya chuo kimoja. Dhidi ya hiyo, kuwa na chuo cha pili cha Marekani kunasaidia kidogo. Ya viza ni ya nchi nzima. Fomu ya I-20, ile ambayo chuo humpa mwanafunzi aombee viza, itakuwa ya Yale, ya Stanford au ya Columbia, lakini atakayeipeleka ubalozi wa Marekani ulioko Gigiri, Nairobi, atapanga foleni ileile na kuhojiwa na ofisa yuleyule. Vyuo saba vya Marekani dhidi ya hatari ya viza ni kama kununua miavuli saba ukisikia kuna mafuriko. Kinachokinga ni mahali pa kusoma kusikohitaji viza hiyo.

Tuliangalia Uingereza na Kanada, tukapita haraka. Oxford na Cambridge zilifungwa tarehe 15 Oktoba. Dirisha la kawaida la UCAS, mfumo wa kuombea vyuo vya Uingereza, lilikuwa wazi hadi katikati ya Januari, lakini ufadhili kamili wa shahada ya kwanza kwa wageni huko ni nadra. Za Kanada zenye fedha kamili karibu zote zilikuwa zimefungwa.

Hapo ndipo swali la baba lilipoibuka tena. Kinga alikuwa nayo tayari, mkononi, imepigwa muhuri: barua ya chuo kikuu cha umma cha Kenya inayomruhusu kujiunga na udaktari Septemba 2026. Mahojiano ya viza yatakuwa Juni au Julai. Yale inafunguliwa mwishoni mwa Agosti. Atajua kama anasafiri kabla ya siku ya kuripoti. Jambo la lazima lilikuwa kuhakikisha barua ile bado hai: amwandikie msajili, athibitishe tarehe, ahifadhi jibu. Kwenye nyumba iliyobishana wiki mbili juu ya Harvard, hakuna aliyekuwa ameifungua bahasha hiyo tangu Agosti.

Swali la baba

Baba hakuwa anauliza juu ya kinga tu. Alikuwa anauliza kama mwanawe bado atakuwa daktari, na hili linastahili jibu la wazi, maana wazazi wengi hudhani kwamba mtoto akienda Yale atarudi na koti jeupe.

Marekani udaktari hausomwi katika shahada ya kwanza. Unasoma miaka minne ya chochote, unafanya mtihani wa MCAT, kisha unaomba shule ya udaktari ya miaka minne mingine. Na huko ndiko mlango unakobana: shule nyingi za udaktari hazipokei mtu asiye raia au asiye na ukaazi wa kudumu, na baadhi ya zinazopokea hutaka uoneshe fedha za miaka yote mapema. Ule ukarimu wa mchango wa sifuri haukufuati hadi huko. Kijana wa Kenya ambaye moyo wake wote uko kwenye kutibu wagonjwa ana njia fupi na ya hakika zaidi nyumbani: miaka sita hivi ya masomo na mwaka mmoja wa intanshipu. Angekuwa yeye, ningemshauri afikiri sana kabla ya kuiacha, Yale au si Yale.

Njia ya nyumbani nayo ina miiba yake. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa juu ya hao hao madaktari wa intanshipu: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, mkataba ukisema 206,000. Baba aliyajua hayo kuliko mimi. Abiria wake wa asubuhi wengi ni wafanyakazi wa hospitali.

Binti alimjibu mwenyewe, jioni moja, mbele ya mama: "Baba, mimi sitaki kuwatibu. Nataka mashine zisilale ukumbini." Baba alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi hiyo barua ya hapa usiitupe mpaka tuone viza." Katika wiki zote hizo, hakuna aliyetoa ushauri bora kuliko huo.

Alichofanya, na ambacho ningesema kama mambo yangekuwa tofauti

Alituma MIT siku mbili kabla ya kufungwa. Zile sita alizifuta. Fomu ambayo haijatumwa haihitaji barua ya kujiondoa. Alimwandikia msajili wa chuo cha hapa na akajibiwa. Alikagua pasipoti, akakuta inaisha mwezi wa tisa 2026, akaanza kuifanyia mpya Januari. Majina ya kurasa zake za mitandao aliyaandika yote kwenye daftari, pamoja na akaunti moja ya utotoni aliyokuwa ameisahau, kwa sababu ofisa atauliza. Yale hakuijibu ndiyo papo hapo, na hakuwa na sababu ya kuharakisha. MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi, siku ya pai (3/14 kwa Wamarekani, kama 3.14), kwa mzaha wao wa kihisabati, na Mei 1 iko mbali.

Kama MIT itakubali au itakataa, uchambuzi huu haubadiliki. Ungebadilika kwa mambo mengine. Barua ya Yale ingesema mchango wa mzazi ni dola 14,000 kwa mwaka, kwa familia yenye mshahara mmoja wa bandarini na watoto wanne shuleni, ningemwambia asifute hata fomu moja ya chuo kisichoangalia mfuko na kinachoziba pengo lote: atume Harvard, Amherst na MIT, aongeze na Princeton, akubali kukesha Krismasi nzima na insha, na Aprili awapelekee Yale barua bora atakayoipata, aombe hesabu ipitiwe upya. Angekuwa raia wa Burundi au Tanzania, ningemwambia aache vyuo vya Marekani vyote vilivyobaki, na ile Krismasi aitumie kutafuta ufadhili wa chuo cha Ashesi, Ghana, au cha Cape Town. Na angekuwa amekubaliwa kwa ombi linalofunga, tusingekuwa na mazungumzo. Angezifuta zile fomu saba usiku uleule, kisha aende kumsaidia mama kukanda unga wa mahamri ya kesho.